Vyuo viwili vya udaktari, jiji moja: niende kipi?

Swali: Nimedahiliwa kusomea udaktari katika vyuo viwili vilivyo katika jiji moja kubwa. Cha kwanza ni cha zamani, hupokea wanafunzi zaidi ya 200 kila mwaka, na hospitali yake, ambayo ni kubwa na ya umma, imo ndani ya eneo la chuo. Cha pili kina umri wa miaka michache, hupokea wanafunzi 60 tu, kina maabara mpya na sanamu za kufanyia mazoezi, na wanafunzi wake wa miaka ya juu hufundishwa katika hospitali tatu za jiji kwa mkataba. Ada yake ni kubwa zaidi, ingawa wamenipa ufadhili wa mwaka wa kwanza unaopunguza tofauti hiyo. Wazazi wangu wanataka niende cha kwanza kwa sababu ya jina lake. Rafiki zangu wanasema cha pili kitanijali zaidi. Natamani kuwa daktari bingwa wa watoto. Nichague kipi, na je, jina la chuo litanifuata huko mbele?

Jibu: Mwanangu, hongera kwa kupata nafasi mbili pale ambapo wengi hukosa hata moja. Huenda unaona kwamba vyuo hivi kuwa katika jiji moja kunakuzidishia ugumu wa kuchagua, lakini mimi naona kunakupunguzia. Anayechagua kati ya miji miwili hulazimika kupima umbali wa kwao, gharama za maisha na ndugu wa kumwangalia akiugua, na mambo hayo humvuta huku na huku hata akasahau kuuliza atafundishwa vipi. Kwako hayo yote yamelingana. Iliyobaki ni elimu yenyewe, na katika elimu hiyo, baada ya miaka mingi ya kufundisha wodini, naamini ipo sehemu moja inayostahili uzito kuliko nyingine zote, nayo ni ile miaka utakayokuwa mbele ya wagonjwa.

Nasema hivyo kwa kuwa masomo ya miaka ya mwanzo hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo. Neva za mkono hupita njia zile zile katika chuo chenye sifa na kisicho na sifa. Fiziolojia ya figo, biokemia na famakolojia zimo katika vitabu vile vile, na mwanafunzi mwenye bidii aliyekosa mhadhiri mzuri anaweza kujisomea usiku akafika anakotaka. Hawezi kujisomea namna ya kupapasa tumbo la mtoto anayelia huku mama yake akiwa na hofu. Wala hawezi kujifunza peke yake kumtambua mgonjwa ambaye vipimo vyake bado vinaridhisha ilhali hali yake inazorota. Hayo hufundishwa na mtu mzoefu aliyesimama kando yako, mbele ya mgonjwa halisi, tena na tena, kwa miezi mingi.

Kabla sijaendelea, kuna sharti moja ambalo halina mjadala: ithibati. Hakikisha kwamba vyuo vyote viwili vinatambuliwa na baraza linalosajili madaktari mahali unapotaka kufanya kazi, na ulizia hali ya utambuzi huo leo, si ahadi ya kesho. Kwa chuo kipya swali hili lina undani wake. Marekani, kwa mfano, chuo kipya hupita ngazi kadhaa za ithibati kabla ya kupewa ithibati kamili, na Uingereza chuo kipya huendelea kuchunguzwa hadi kundi lake la kwanza lihitimu, tena hutakiwa kuwa na chuo kingine kilichokubali kuwapokea wanafunzi wake endapo mambo yataharibika. Uliza, basi, kama chuo chako cha pili kimekwisha kutoa wahitimu, na kama bado, kimepanga nini kwa ajili ya wanafunzi iwapo ithibati itachelewa. Ukionyeshwa kwamba jina la chuo limo katika orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, usidhani kwamba hiyo ndiyo ithibati. Hata Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, lililoanzishwa mwaka 1972, halitoi ithibati kwa vyuo, bali hutambua mashirika yanayovipa vyuo ithibati. Likikosekana sharti hili kwa chuo kimoja, uchaguzi wako umekwisha.

Turudi wodini. Mwaka 1910 mwalimu mmoja ambaye hakuwa daktari, Abraham Flexner, alitoa ripoti yake baada ya kutembelea vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Canada. Chicago peke yake alikuta vyuo 14, na hakuna mji aliousema kwa ukali kuliko huo. Ndani ya mji mmoja, wenye wagonjwa wale wale na mitaa ile ile, vyuo vilitofautiana kabisa kwa mambo aliyokwenda kuyatazama kwa macho yake: maabara, masharti ya kudahili wanafunzi, na hasa iwapo chuo kilikuwa na hospitali ambamo walimu wake walikuwa na sauti. Kuruhusiwa kupita hospitalini saa chache kwa hisani ya wenyewe hakukumtosha. Alitaka chuo kiwe na haki ya kufundisha humo. Zaidi ya karne moja imepita, na bado sijaona kipimo kinachofaa zaidi kwa mtu aliye katika nafasi yako.

Miaka michache kabla ya ripoti hiyo, katika hospitali ya Johns Hopkins ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889, na chuo chake kilichofuata mwaka 1893, daktari William Osler alikuwa amewatoa wanafunzi kwenye viti vya ukumbi na kuwaingiza wodini kama sehemu ya watu wanaomhudumia mgonjwa. Mwanafunzi alipewa wagonjwa wake, akachukua historia zao, akawapima, akaandika, akaja kuulizwa. Osler alisema kwamba hakutaka kaburini pake paandikwe lolote zaidi ya kuwa aliwafundisha wanafunzi wa udaktari wodini. Mtu aliyeandika vitabu na kuheshimiwa katika nchi tatu alichagua hilo moja, na mimi nimelifikiria mara nyingi.

Nimelifikiria kwa sababu sikulipata mapema. Nilisoma katika chuo kilichosifika sana enzi zetu, na katika mzunguko wangu wa kwanza wa tiba ya ndani tulikuwa wanafunzi 18 kuzunguka kitanda kimoja. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Daktari bingwa alieleza vizuri sana sauti isiyo ya kawaida aliyoisikia kwenye moyo wa mgonjwa, nasi wa nyuma tukaandika maelezo yake neno kwa neno, na kwa maelezo hayo tukafaulu mtihani. Sauti yenyewe niliisikia kwa masikio yangu miaka kadhaa baadaye, nikiwa mtarajali, yaani daktari mpya aliye bado mafunzoni, usiku, na hapakuwa na mkubwa wa kunithibitishia nilichokuwa nakisikia. Mgonjwa yule alipona. Lakini hofu ya usiku ule haikutokana na uvivu wangu. Ilitokana na hesabu ya wanafunzi na vitanda ambayo hakuna aliyenishauri kuiuliza kabla ya kujiunga.

Kwa hiyo iulize wewe. Idadi ya wanafunzi 200 haimaanishi kitu mpaka ujue wanagawanywa vipi. Chuo kinachowagawa katika makundi ya watu watano kwenye wodi 40 kinakupa nafasi nzuri kuliko chuo chenye wanafunzi 60 kinachowapeleka 20 kwa pamoja kwenye wodi moja ya hospitali ya mkataba. Uliza ni wanafunzi wangapi huwa katika wodi ya watoto kwa wakati mmoja, na usisahau kuhesabu wale wa vyuo vingine, wa uuguzi, na madaktari wanaosomea ubingwa, maana nao wanahitaji kumpima mtoto yule yule. Uliza kila mwanafunzi hupewa wagonjwa wangapi wa kufuatilia, nani husoma anachokiandika kwenye faili, na kama hukaa zamu ya usiku. Katika jiji kubwa ni jambo la kawaida vyuo viwili kugombea hospitali moja, na wakati mwingine utagundua kwamba chuo cha gharama na chuo cha umma vinapeleka wanafunzi wao kwenye korido ile ile.

Kuhusu hospitali tatu za mkataba, sizidharau. Vipo vyuo vikubwa duniani visivyomiliki hospitali hata moja, na hufundisha vizuri. Jambo la kuchunguza ni iwapo madaktari wa hospitali hizo wametengewa muda wa kufundisha na wanalipwa au kutambuliwa kwa kazi hiyo, kwa sababu daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni na asiye na wajibu wowote kwako atakuacha ukutani, na sitamlaumu. Uliza mkataba una muda gani na nini kitatokea ukivunjika. Uliza pia ni ipi kati ya hizo tatu yenye wodi ya watoto na chumba cha watoto wachanga, na utakaa huko wiki ngapi. Kwa mtu anayetaka ubingwa wa watoto, kukuta kwamba hospitali ya watoto ndiyo iliyo mbali kuliko zote na hutembelewa wiki nne tu ni habari kubwa. Umbali nao una uzito wake hata ndani ya jiji moja: saa mbili za njiani kila siku ni saa mbili zilizotolewa kwenye usingizi, na mwanafunzi aliyechoka hajifunzi.

Hospitali kubwa nayo ina kasoro yake ambayo wazazi wako huenda hawaijui. Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake walichapisha hesabu iliyonishangaza nilipoiona mara ya kwanza. Kati ya watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja, kama 750 hupata maradhi au jeraha, 250 humwendea daktari, 9 hulazwa hospitalini, na mmoja tu ndiye hufikishwa kwenye hospitali ya chuo kikuu. Takwimu hizo zilihusu watu wazima wa Marekani na Uingereza wa wakati ule, ila wazo lake linabaki: anayefundishwa ndani ya hospitali ya rufaa peke yake huona yule mmoja, na hukosa kuwaona mamia ambao ndio watakaojaza kliniki yake siku za usoni. Daktari wa watoto anapaswa kwanza kumjua mtoto mwenye nimonia ya kawaida, anayeharisha, mchanga mwenye manjano, na hata mtoto mzima kabisa ambaye mzazi wake ana wasiwasi, kabla hajajua ugonjwa adimu wa kurithi. Uliza, basi, kama hospitali ile ya umma hupokea watu wa jirani moja kwa moja au hupokea rufaa tu, na kama chuo huwapeleka wanafunzi kwenye vituo vidogo vya afya. Huenda zile hospitali tatu za chuo cha pili, zikiwa za ukubwa tofauti, zikakupa mchanganyiko bora, na hiyo ni hoja halisi ya kukitetea.

Juu ya maabara mpya na sanamu nitasema machache. Ni vitu vizuri. Hakuna sababu ya mgonjwa kuwa mtu wa kwanza kuchomwa sindano na mkono unaotetemeka, na ufufuaji wa mtoto mchanga ni bora ujaribiwe mara kumi kwenye sanamu kabla ya siku yenyewe. Hata hivyo sanamu haiogopi, haifichi habari, na haina mama. Vivyo hivyo kuhusu mtindo wa kufundisha: kujifunza kwa makundi madogo yanayochambua tatizo la mgonjwa, kulikoanzia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada mwaka 1969, kumetoa madaktari wazuri, na mihadhara ya kawaida imetoa madaktari wazuri pia. Jipime wewe. Ukiwa mtu anayehitaji kusema ili aelewe, makundi yatakufaa. Ukiwa mtu wa kutulia na kitabu, usiyachukie, lakini usilipe ada ya ziada kwa ajili yake.

Sasa jina. Wazazi wako hawajakosea kabisa, na ningependa uwasikilize kwa heshima. Jina la chuo husaidia pale ambapo wanaokuchagua hawakujui, yaani mwanzoni. Msaada huo hutofautiana kwa nchi: kuna mahali nafasi za ubingwa hutolewa kwa mtihani mmoja wa wote, na hapo jina halina la kufanya. Marekani, tangu Januari 2022 sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni huonyesha tu kwamba umefaulu au hukufaulu, bila alama, na hivyo wanaochagua madaktari wa kusomea ubingwa wameachiwa vigezo vingine, kama tathmini za wodini na barua za mapendekezo. Barua yenye nguvu haiandikwi na chuo. Huandikwa na daktari bingwa aliyekuona ukishughulika na mtoto mgonjwa saa tisa usiku na akalikumbuka jina lako. Kwa hiyo swali la jina linarudi kule kule kwenye hesabu ya kitanda, maana katika kundi la watu 20 hakuna anayekumbukwa. Na hapa jiji moja linakupa faida nyingine: katika majiji mengi mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kutumia wiki zake za hiari katika hospitali ya chuo kingine. Uliza kama njia hiyo iko wazi. Ikiwa iko wazi, jina la chuo cha kwanza na wodi zake za watoto havijakupotea hata ukienda cha pili.

Kuhusu fedha sitakuficha hofu yangu. Ufadhili wa mwaka mmoja katika masomo ya miaka mitano au sita si ufadhili wa masomo. Ni punguzo la mlangoni. Hesabu ada ya miaka yote hadi kuhitimu, pamoja na nauli ya kwenda hospitali tatu, kisha uliza kwa maandishi ni masharti gani yataendeleza msaada huo mwaka wa pili. Usiruhusu ukubwa wa ada ukushawishi kwamba elimu ni bora. Chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha New York kilifuta ada kwa wanafunzi wake wote mwaka 2018, na mwaka 2024 chuo cha Albert Einstein, katika jiji hilo hilo, kikafanya vivyo hivyo baada ya kupokea msaada wa dola bilioni 1. Hakuna aliyesema kwamba elimu yao ilishuka siku ada ilipofutwa. Nalitaja hili kwako kwa sababu ya ubingwa wa watoto: katika nchi nyingi madaktari wa watoto hulipwa chini ya wenzao wa upasuaji, na nimewaona vijana waliopenda watoto kwa dhati wakienda kwingine kwa sababu deni liliwachagulia.

Hoja ya rafiki zako kwamba chuo kidogo hujali zaidi inaweza kuwa kweli, lakini ipimwe kwa ushahidi. Uliza ni wangapi walianza katika kundi lililohitimu mwisho na wangapi walimaliza kwa wakati, na aliyeanguka mtihani hufanyiwa nini wiki inayofuata. Udaktari huchosha mwili na roho, na mwanafunzi bora kabisa anaweza kupata mwaka mbaya. Chuo chenye mtu aliyepewa kazi ya kukutafuta usipoonekana kwa siku tatu ni chuo chema, kiwe kidogo au kikubwa.

Yote hayo hutayapata kwenye siku ya wageni, siku ambayo kuta zimepakwa rangi. Omba ruhusa ya chuo utembelee siku ya kazi ya kawaida, asubuhi, wakati wa raundi. Usiwasumbue wagonjwa wala usiingie wodini bila kibali. Simama pale unapoelekezwa na utazame ni nani aliye karibu na kitanda na ni nani aliye mlangoni. Kisha tafuta wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho, si wa mwaka wa kwanza, kwa maana wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kupata nafasi. Waulize maswali mawili tu: ni lini mara ya mwisho daktari mkubwa alikutazama ukimpima mgonjwa mwanzo hadi mwisho, na leo hii mgonjwa wako ni nani? Anayejibu papo hapo, akamtaja mgonjwa wake kwa umri na maradhi bila kumtaja jina, amekujibia swali lako lote.

Ukinitaka niamue kwa haya uliyoniandikia, bila kusubiri ziara hiyo, ningekupeleka chuo cha kwanza. Sababu yangu si jina. Ni hospitali iliyo ndani ya eneo lake, ambamo walimu wako ndio madaktari wa wodi, na ni ada ambayo haitakuja kukuchagulia ubingwa. Ningebadili uamuzi huo kwa hali moja tu: ukikuta kule wodi ya watoto imejaa wanafunzi 15 au zaidi kwa daktari mmoja, huku chuo cha pili kikikuonyesha ithibati kamili, madaktari wenye muda wa kufundisha, makundi ya watu watano au sita, na ahadi ya maandishi kuhusu ufadhili hadi mwaka wa mwisho. Hapo nenda cha pili, na uwaeleze wazazi wako ulichokiona kwa macho yako. Mzazi anayehofia jina hutulia akielezwa habari za mwalimu na mgonjwa.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya kuthibitisha nafasi katika kila chuo, kwani mara nyingi hazilingani, na usilipe malipo yasiyorudishwa kabla ya ziara zako. Siku utakayoamua, kiandikie siku hiyo hiyo chuo ambacho hukukichagua, uiachie nafasi, kwa kuwa yupo kijana mwingine kwenye orodha ya kusubiri anayetazama simu yake.